Jumapili, Saa Nane

Ilipogonga saa nane, Jumapili,
magari ya Mwanza yalilala kwa amri.
Petroli haba. Trafiki wa Makongoro
aliketi juu ya jiwe akimenya muwa,
hana wa kumsimamisha isipokuwa mbuzi.

Ndipo sisi tulipowasha letu.

Daktari mgeni, mkataba wake Bugando umekwisha,
alimwachia mama kompyuta badala ya kwaheri:
ndogo kuliko kitabu cha nyimbo cha kanisani,
vitufe vya mpira, laini kama masikio ya ndama.
Na televisheni, ambayo haikuwa na kituo cha kukamata,
ilivuliwa kitambaa chake cha kufuma
na ua lake la plastiki
ikapewa kazi.

Kaseti moja tu. Bei bado imebandikwa:
pauni moja na peni tisini na tisa.
Mama akapiga hesabu ya magendo kwa vidole,
akanyamaza.

Dakika sita redio inapiga kelele,
vyura wa Mirongo waliomeza nyembe,
na pembeni mwa kioo mistari, bluu, njano, bluu,
kama kitenge kinachotoroka kiwandani.
Asikohoe mtu. Nyanjige akikohoa, tunaanza upya.
Umeme ukikatika, tunaanza upya.
Tumeanza upya mara ngapi, Mungu anajua,
na bado tulikaa sakafuni kama wasafiri
waliokwisha kukata tiketi.

Halafu, barabara.
Gari: vijiwe vyekundu kumi na viwili.
Mlima mmoja kwa mbali, haufikiki.
Mti, mti, mti, wote ndugu wa tumbo moja.
Gari likiukaribia mti lilikuwa kijani;
likiuacha, linarudi wekundu wake.
Tuliamini ndivyo yalivyo magari ya Ulaya.

Bulugu alilikamata, Q kushoto, P kulia,
akagonga. Akagonga. Akagonga.

Baba alikuwa mlangoni na kikombe cha uji.
Dereva wa lori la pamba,
wiki ya tatu anangoja kibali cha dizeli.
"Mnaua injini," akasema.
Akaketi. Mguu wake wa kushoto
ukapapasa mkeka, ukitafuta klachi.

Hakumpita mtu.
Penye kona alikaa nyuma ya gari la kijivu
kwa adabu, kama yuko msibani.
"Usagara," akasema. Mti.
"Misungwi." Mti uleule.
"Hapa Mabuki yuko mama wa viazi vya kuchemsha,
watoto wake wanavuka bila kutazama."
Akapunguza.
Nasi tukapunguza pumzi,
na Nyanjige, ambaye alikuwa na miaka minne,
akawapungia mkono.

Kioo kikaandika, kwa Kiingereza,
kwamba muda umekwisha. Alama: sifuri.
Baba akakisoma polepole, mara mbili,
kama anavyosoma karatasi za mizani.
"Sifuri," akasema. "Lakini hakufa mtu."
Akamalizia uji, umeshapoa.

Mwaka uliofuata, kaseti tupu hazikupatikana madukani.
Shangazi Ng'wasi akairekodi juu yake
salamu za kwenda Ukerewe:
ng'ombe kazaa, Bulugu kapona surua,
msisahau deni la nyavu, wasalimieni wote
mpaka asiyetusalimu.
Ilirudi miezi baadaye na salamu zao upande wa pili.
Ukiisikiliza, shangazi anaaga,
anavuta pumzi,
halafu ghafla, vyura,
katikati ya safari, bila kichwa wala mwanzo.

Siku hizi ninaipita njia ile kwa gari langu.
Lami tupu. Jumapili, saa yoyote.
Mabuki napunguza, hata kama hakuna mtu,
na wa nyuma yangu wanapiga honi.
Na mti ukinijia karibu mno kushoto
nachungulia boneti,
haraka,
kabla haijarudi wekundu wake.